Misumari yenu ya boti inaliwa na kutu, nataka pesa yangu na gharama ya kuing'oa

Kwa Meneja wa Mauzo,
Mombasa.

KUH: MISUMARI YA INCHI 4 NA 5 MLIYONIUZIA KAMA "YA KUCHOVYA"

Salaam alaikum.

Mimi ni fundi wa vyombo vya baharini hapa Matondoni, Lamu. Nawaandikia barua kwa sababu WhatsApp yenu imenichosha, kila siku naambiwa subiri fundi tunaulizia, na anayenijibu leo siye wa jana, kila mmoja aniuliza upya kwani shida ni nini. Basi shida ni hii, nimeiandika yote mahali pamoja msije mkaniuliza tena.

Mteja wangu ana mashua ya kubeba mawe, yale mawe ya kukata ya Maweni kule Manda, na mara nyingine mchanga. Chombo kizee lakini mkuku (mti wa chini) mzima na hanamu (mti wa mbele) nzima, kilichochoka kilikuwa ni mbao za ubavuni karibu na maji na mataruma kadhaa, yaani mbavu za ndani, tukakubaliana tukifanye upya. Mbao za mbambakofi, mti mgumu, nilizipata kwa taabu, maana tangu ile marufuku ya kukata miti ya 2018 mbao ngumu zimekuwa ghali na ukipata ubao ulionyooka hauna ufa unalala juu yake usiku. Mataruma nikachonga kwa tezo, lile shoka dogo la kuchongea, miti iliyopinda yenyewe tangu shambani. Ikabaki misumari.

Kabla sijatuma pesa niliwapigia simu nikawauliza wazi, hii misumari ni ya kuchovya kwenye zinki au ya kupakwa zinki kwa umeme? Kijana wenu akasema ya kuchovya fundi, ya boti kabisa hiyo. Nikamwambia nitumie picha. Akatuma picha ya misumari ya rangi ya majivu, imepauka, ina vinundu vinundu, ndiyo hasa. Nikalipa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, mzigo ukapanda basi mpaka Mokowe, bandari ya bara, huko nikalipia boti hadi huku. Kufungua boksi nakuta misumari inang'aa kama kijiko kipya cha harusi. Nikapiga simu papo hapo, nikaambiwa hiyo ni stoki mpya, ya kisasa, bora kuliko ile, zinki ni zinki. Nikaomba nirudishe nikaambiwa mzigo ukishatoka dukani haurudi, na usafiri ni juu yangu. Mwenye mashua yuko juu yangu, bamvua (maji makuu) inakaribia, na chombo cha ukubwa ule hukishui, hukiteremshi baharini, maji yakiwa mafu, ukikosa bamvua hii unangoja nyingine. Nyinyi wenyewe mmeniandikia kwenye risiti "misumari ya boti, galvanaizi ya kuchovya". Nikafanya kazi kwa maneno yenu.

Sasa hebu niwaeleze kwa nini zinki si zinki, kwa sababu naona huko kaunta hamjui mnachouza. Msumari wa kuchovya unatumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyuka, moto wa kama digrii 450, inashikana na chuma mpaka ndani na kuacha ganda la mikroni 50 hivi au zaidi. Ule wa umeme unapakwa kwa stima ndani ya maji ya dawa, ganda lake mara nyingi halifiki hata mikroni 15, ndio maana ni laini na unang'aa. Kwa kupigilia bati la jikoni hakuna neno. Baharini lile ganda jembamba linakwisha upesi kisha chuma kinabaki uchi, na mbao ngumu nayo ina asidi yake inayokula chuma, ndipo unaona ile alama nyeusi kama wino kuzunguka msumari.

Na msiniambie sikupigilia inavyotakiwa, kama alivyosema yule wa mwisho, ati "labda fundi hakuziba vizuri". Kila tundu lilitobolewa kwanza kwa keekee, jembamba kuliko msumari, ili ubao usipasuke. Kila msumari ulizungushiwa uzi wa pamba uliochovywa mafuta chini ya kichwa ndipo ukapigwa, ncha ikitokeza ndani inakunjwa, kichwa kinazamishwa na kuzibwa juu. Kisha kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, mstari kwa mstari, tumbo lote la chini likapakwa shahamu na chokaa. Kazi hii nimefundishwa na babangu naye kafundishwa na babake, hapa Matondoni mtoto anajua kuzungusha pamba kwenye msumari kabla hajajua kuhesabu. Yule kijana wenu ningependa aje anizibie yeye nione.

Tukashua. Mashua ilifanya kazi vizuri mwanzoni, halafu nahodha akaanza kulalamika kwamba chombo kinavuja, mabaharia wanakumba maji kila wakipakia mawe, kisha hata bila mawe. Tulipoipandisha juu niliona michirizi ya kutu imetoka chini ya rangi, mistari myekundu inashuka kutoka kila kichwa cha msumari, lakini kwenye mbao mpya tu. Nikang'oa mmoja. Kichwa kizima, ncha nzima, katikati pale ubao unapokutana na taruma ndipo palipoliwa, ganda hakuna, chuma kimechimbika na kutoka unga mwekundu mkononi. Hapo ndipo maji hukaa na hapo ndipo mzigo wote unaposhikwa. Nikang'oa mwingine upande wa pili, vile vile.

Halafu kuna kitu nataka mkione kwa macho yenu. Kwenye zile mbao kuukuu nilizotoa mwanzo, zilizooza, kulikuwa na misumari ya zamani aliyopigilia fundi mwengine miaka mingi kabla yangu. Nimeiweka. Mingi bado ina rangi ya majivu mpaka leo. Nimepiga picha misumari yake na yenu kwenye kitambaa kimoja, nimeambatanisha, pamoja na risiti na ile picha ya WhatsApp mliyonitumia kabla sijalipa. Pia nimetia misumari yenu mipya iliyobaki kwenye ndoo ya maji ya bahari, na baada ya muda mfupi tu maji yamegeuka rangi ya chai. Watoto wanapita wanacheka.

Mmoja wenu kaniambia, na hili limeniuma zaidi, "mzee siku hizi watu wanatumia faiba, mbao za nini". Sikuwapigia kuomba ushauri wa biashara. Mwenye mashua anataka mbao kwa sababu ikigonga mwamba nakata ubao mmoja natia mwengine palepale ufukweni bila umeme. Na kama ni mambo ya kale, wazee wa visiwa hivi walikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, msumari wa chuma hata mmoja hakuna, tanga la mkeka, na kilisafiri. Ningekuwa nawanunulia kamba za makumbi saa hizi ningekuwa na amani.

Tatizo la kung'oa mnalielewa kweli? Msumari uliokunjwa ndani na kuvimba kutu hautoki kwa nyundo ya kawaida, unaunyoosha ncha, unaurudisha nyuma pole pole, na ukitoka tundu limepanuka. Pale pale huwezi kurudisha msumari wa unene ule, unatia mnene zaidi au unaziba kwa kijiti na kutoboa pembeni, na mbao ikishatobolewa sana karibu karibu inapasuka ukingoni. Kuna mbao naona zitapona na kuna nyingine nitalazimika kuzibadilisha kabisa, mbambakofi ile ile niliyoitafuta kwa jasho. Kalafati ya upande wote inarudiwa. Bei ya misumari yenu ni ndogo kabisa kwenye hesabu hii, na mwenye chombo kakaa bila mawe ya kubeba, na mabaharia wake hawana posho. Simu zao napigiwa mimi si nyinyi.

Pamba ya kalafati mliyoleta pia ilikuwa ya kujazia mito, nyuzi fupi fupi, lakini hilo niliacha nikanunua kwingine, silidai.

Ninachodai ni pesa yote ya misumari pamoja na usafiri wa kuja na wa kurudi hii iliyobaki, misumari ya kuchovya ya kweli ya kiasi kile kile, niikague mimi kabla sijaipokea, na malipo ya kazi ya kung'oa na kupigilia upya na mbao zitakazoharibika, kwa hesabu nitakayowapa nikishamaliza kufungua ubavu mzima. Na mtoe hilo neno "ya boti" kwenye matangazo yenu mpaka mjue mnachouza, kwa sababu najua mafundi wengine wa huku na kule Faza wamenunua kwenu, na chombo kikifunguka katikati ya mkondo watu wamo ndani.

Nawapa wiki mbili. Nimeshauliza, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo yake, na maelezo yenu yako kwenye risiti yenu wenyewe. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai mpaka shilingi milioni 1 na sheria inataka iamue ndani ya siku 60, na wakili si lazima. Misumari mingine nimeifunga mfuko nimeweka kando ya kupeleka KEBS, shirika la viwango. Sitaki kufika huko, kila siku ninayokaa mahakamani ni siku sishiki tezo, lakini nitafika.

Mkitaka kumtuma mtu aje aone kwa macho, karibu sana, mashua ipo ufukweni ubavu uko wazi na misumari haijatupwa. Atoke Mokowe na maji yakijaa, maji yakipwa boti hukwama huku njiani na atashuka kwenye tope na viatu vyake.

Fundi wa vyombo,
Matondoni, Lamu