Kuwashwa ngozi si ugonjwa mmoja

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita, msomaji mmoja alishauri kwamba kila anayewashwa ngozi huko vijijini, kando ya mito, ameze Mectizan, dawa ya usubi, na mambo yaishe. Sisi tunaoshinda na mikroskopi hapa Bukavu tunaomba nafasi tumjibu.

Ni kweli usubi, ugonjwa wa minyoo unaowasha ngozi na kupofusha macho, hurudi pale ugawaji wa dawa unapokatika. Dawa huua watoto wa mnyoo walioenea ngozini, lakini mama yao hubaki hai ndani ya vinundu, na anaweza kuishi miaka 10 hadi 15. Barabara ikifungwa kwa vita, ngozi hujaa tena. Ila misitu ya Kongo ina mnyoo mwingine wa ngozini, Mansonella streptocerca. Naye huwasha na kuacha mabaka, ingawa hapofushi macho. Halafu kuna upele wa kawaida, ambao hauhitaji mikroskopi mara nyingi: tazama katikati ya vidole na viwikoni, uliza kama nyumba nzima inajikuna usiku.

Kwa hiyo kata kipande cha ngozi kwanza. Mahali pake ni juu ya makalio, pale mfupa wa nyonga unapochomoza, kulia na kushoto. Futa kwa alkoli, usubiri ikauke kabisa, maana ikibaki itaua minyoo kabla hujaiona. Inua ngozi kwa ncha ya sindano, pitisha wembe chini yake, ukate kipande cha milimita 2 hivi kisichotoa damu. Hapo ndipo wengi huharibu. Wembe ukizama, damu huja na minyoo yake, Loa loa na Mansonella perstans, nawe utamwandikia mtu ugonjwa wa ngozi asio nao. Sindano na wembe viwe vipya kwa kila mtu. Kuvipitisha motoni ni kujidanganya, homa ya ini haiogopi kiberiti.

Weka kipande katika matone mawili ya maji ya chumvi ya 0.9%, ufunike yasikauke. Baada ya dakika 30 tazama kwa lenzi ya mikroskopi inayokuza mara 10. Ukiona kitu kinajipinda kama uzi uliofufuka, usishangilie bado. Hujaona kitu? Acha hadi saa 24, utazame tena.

Kumtambua mnyoo ni kazi ya mkia. Toa kipande, acha maji yakauke juu ya kioo, gandisha kwa methanoli, paka rangi ya Giemsa. Mtoto wa Onchocerca volvulus, mnyoo wa usubi, ana mikromita 220 hadi 360, na mkia wake huchongoka ukiwa mtupu: viini vya seli vinakoma kabla ya ncha. Streptocerca ni mwembamba na mfupi zaidi, 180 hadi 240. Mkia umepinda kama ndoano, na viini vimejipanga hadi mwisho. Loa loa amevaa ala, yaani ganda jembamba kama mfuko, wale wawili hawana.

Usipoona kitu, muulize mgonjwa alimeza Mectizan lini. Kama ni miezi michache iliyopita, ngozi imesafishwa kwa muda tu na jibu lako halina uzito. Aliyeambukizwa chini ya mwaka mmoja naye anaweza asionyeshe chochote.

Kwa anayetoka misitu ya kaskazini, upande wa Tshopo, au aliyewahi kuona mnyoo ukipita jichoni, pima pia damu kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Loa loa akizidi 30,000 kwa mililita moja, hiyo Mectizan inayosifiwa inaweza kumtia mtu kwenye koma. Na DEC, dawa nyingine ya minyoo hii, inayomfaa mwenye streptocerca, inaweza kuharibu macho ya mwenye usubi. Ndiyo sababu hatukubali kuona kwenye rejista neno "filaria", jina la jumla la minyoo hii yote, na alama ya kujumlisha tu. Andikeni jina la mnyoo, idadi yake kwa kila kipande, kulia na kushoto, na tarehe ya dawa ya mwisho.

Wafanyakazi wa maabara,
Bukavu