Risala ya makocha, wachezaji na marefa wa timu za watoto Mbagala kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa diwani, mgeni wetu rasmi, ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, walimu, wazazi mlioko juani na nyie mliowahi kivuli cha mwembe, na watoto wetu wa chini ya miaka 13 ambao tunajua mnataka hii risala iishe mkacheze, asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na za mchana.

Mheshimiwa, tunashukuru umekuja na umekuja kwa wakati, hilo peke yake tumeshaliandika kwenye kumbukumbu. Risala za mpira huku kwetu zinafanana, tunasema Mbwana Samatta katokea Mbagala hapahapa mpaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza na Aston Villa, halafu tunaomba jezi. Sasa Samatta tushamtaja. Jezi leo hatuombi, jezi zipo, kila msimu wa kampeni zinaletwa (usitufikirie vibaya mheshimiwa), nyingine mikono inamfika mtoto kwenye vidole. Leo tunaomba karatasi. Ngoja tueleze maana naona watu wanacheka.

Mashindano yaliyopita hapahapa uwanjani kipa wa timu pinzani alianzisha goli kiki fupi, ule mpira wa kuanzishia golini, beki wake akaipokea ndani ya kumi na nane, yaani lile boksi kubwa la mbele ya goli, akapiga mrefu kwa winga, winga akatufunga. Sisi wote tukapiga kelele "irudiwe, mpira haujatoka kwenye boksi!" Refa alikuwa binti wa kidato cha tatu, akaonesha kati, goli. Basi tukamzunguka, na aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote ni mimi ninayesoma hii risala, nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa manake mama yake amekaa mstari wa mbele. Hakujibizana na mtu. Mechi ilivoisha akaazima simu ya kaka yake akanifungulia programu ya IFAB, hao ndo wanaotunga sheria za mpira toka 1886, sheria zote 17 zimo mle na ni bure, akanisomesha kwamba toka 2019 goli kiki ikishapigwa na mpira ukaonekana umesogea basi mchezo unaendelea, beki ruksa kuupokea humohumo ndani, anayetakiwa kukaa nje ya boksi mpaka upigwe ni mpinzani. Nilisoma na Kiingereza changu cha kuungaunga, nikarudia mara ya pili, nikamwomba radhi. Yaani miaka yote hiyo nilikuwa nawafundisha watoto sheria iliyokwishafutwa na nawagombeza kwa kujiamini kabisa.

Kuanzia siku ile tukakubaliana makocha wote, kila Jumamosi jioni tunakaa tunasoma. Na ukisoma ndo unajua ulikuwa hujui. Kuanzia msimu wa 2025/26 kipa akikaa na mpira mkononi zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona, ile ya sekunde 6 ilikuwepo miaka na miaka ila marefa walikuwa hawaitoi, sa hivi refa ananyoosha mkono juu anahesabu tano za mwisho kwa vidole, na watoto wameipenda hiyo, uwanja mzima unahesabu naye. Halafu kitabu hichohicho kinaruhusu vyama vya mpira kupunguza vipimo kwenye mechi za watoto, uwanja, magoli, mpira, dakika, hata aliyetoka kurudi tena. Sisi tulikuwa tunamweka mtoto wa miaka 10 kwenye goli la mita 7.32 kwa 2.44, kama umemwambia alinde mlango wa godauni, akifungwa nane tunamwita kipa mbovu. Sasa hivi tunacheza saba kwa saba, nusu uwanja, magoli ya mabomba ya plastiki, na yule kipa mbovu anadaka kweli.

Kwa upande wa wachezaji tumepata mazoezi ya FIFA yanaitwa 11+ Kids, ni ya watoto wa miaka 7 mpaka 13, ni mazoezi saba tu na yanachukua kama dakika 20 kabla ya kuanza kucheza, kuruka, kusimama mguu mmoja, na kuna la kujifunza kuanguka bila kuumia, ambalo kwa uwanja wetu huu wa changarawe ningeliweka la kwanza. Yalijaribiwa kwa watoto karibu elfu nne kwenye nchi nne za Ulaya na majeraha yakapungua karibu nusu. Hayataki vifaa vya gharama. Tulichoacha ni kuwazungusha uwanja raundi kumi wakiwa hawajala.

La kichwa nalo tuliseme. Zamani mtoto akigongwa kichwa tulimmwagia maji, tukamuuliza leo siku gani, akijibu tunamrudisha. Sasa akigongwa vibaya anatoka na siku hiyo harudi hata kama ni fainali, na anaenda zahanati. Mazoezi ya kupiga vichwa kwa wadogo tumeyafuta, Marekani walikataza toka 2015 kwa wa miaka 10 kushuka chini, na Uingereza toka 2020 watoto wa shule ya msingi hawafundishwi vichwa mazoezini. Sisi tulikuwa tunawapigisha kwa mpira namba 5, ule wa wakubwa, uliolowa mvua, Mungu atusamehe.

Sasa shida yetu mheshimiwa. Vitu vyote hivi ni bure lakini bure yenyewe ipo kwenye simu na ni Kiingereza. Video moja ya mazoezi inakula bando la siku nzima, kwenye grupu letu mtu akituma watu wanaiangalia ile picha ya mbele tu halafu wanaweka dole gumba. Mwalimu mmoja wa Kiingereza amekaa na sisi miezi mitatu tumetafsiri kurasa 38, sheria zinazoleta ugomvi, mazoezi yale saba kwa michoro ya mkono, na ukurasa mmoja wa huduma ya kwanza. Nakala iliyopo ni moja, imeshamwagikiwa chai.

Kwaiyo maombi yetu ni haya, utusaidie kutoa kopi 60, kila timu na kila refa apate yake na shule za kata zipate. Mipira kumi namba 4, ile midogo ya watoto, tunarudia namba 4 maana kila anayetusaidia analeta namba 5, na pampu yenye sindano za akiba. Na utuombee kwa chama cha waamuzi cha wilaya watuletee mkufunzi siku mbili, tuna vijana tisa wanataka kushika filimbi na filimbi zilizopo ni mbili. Chakula cha mkufunzi wakinamama wameshasema watapika wao.

Mheshimiwa, mechi ya ufunguzi inaanza sasa hivi na filimbi anayo yule binti. Mimi nimehamishiwa upande wa pili wa uwanja, mbali na yeye, kwa maamuzi ya kamati.

Tunaomba kuwasilisha.