Gemu ya mieleka ikishuka bei, ulizeni kwanza kitakachobaki

Ndugu Mhariri,

Kurasa zako za michezo hujaa kandanda tangu Jumatatu hadi Jumapili, na sina ugomvi na hilo. Ila mieleka ya kulipwa, ile ya kampuni ya WWE ya kina John Cena na Roman Reigns, nayo ina watu wake, na kila msimu wa ofa watu hao hununua gemu zake kwa kutazama kitu kimoja tu: punguzo ni asilimia ngapi. Hapo ndipo wanapopigwa. Gemu ya mieleka haishuki bei kama shati la mtumba ambalo kasoro yake unaiona kwa macho. Mara nyingi inashuka wakati kuna kitu ndani yake kinakaribia kuzimwa, na kitu hicho hakiandikwi penye bei.

Nianze na simu, maana huko ndiko wengi waliko. Mabango ya "WWE 2K25 ya PSP" yamejaa mitandaoni na kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo na muvi. Hakuna gemu ya namna hiyo. Gemu ya mwisho ya mfululizo wa SmackDown vs. Raw kutengenezwa kwa ajili ya PSP, ile mashine ndogo ya mkononi ya Sony, ni SmackDown vs. Raw 2011, iliyotoka mwaka 2010. Kinachouzwa ni hiyo hiyo, imepakwa sura mpya. Ushahidi uko kwenye mafaili unayopewa: kuna faili kubwa la gemu, kuna folda ya picha inayokwenda kwenye TEXTURES, na nyingine ya SAVEDATA. Ukiweka faili kubwa peke yake ndani ya PPSSPP, programu inayoiga PSP kwenye simu, au ukasahau kuruhusu ubadilishaji wa picha katika mipangilio, unakutana uso kwa uso na Edge na Rey Mysterio wa mwaka 2010. Ndiyo maana "Cody Rhodes" wa kwenye simu anatembea kama mtu mwingine, na picha ya uso wake inapinda akigeuka: ngozi ni ya leo, mifupa ni ya zamani. Gemu yenyewe si mbaya hata kidogo, lakini kumlipa mtu hela kwa kopi ya wizi iliyobandikwa jina la uongo ni kulipia rangi.

Sasa tuje kwenye gemu halali. Tangu kampuni ya THQ, iliyokuwa ikizitoa, ivunjwe mapema 2013, gemu za WWE hutolewa na kampuni ya 2K, na siku hizi toleo jipya huja Machi, karibu na WrestleMania, onyesho kubwa la WWE la mwaka. Bei ya kuanzia imekuwa dola 60 au 70 kutegemea mashine. Anayenunua Machi analipia haraka yake, kwani ikifika Novemba gemu ile ile huwa imeshuka hadi nusu au chini ya hapo, ikiwa imeshatibiwa kasoro nyingi za mwanzo. Kwa hiyo kusubiri ni akili. Kusubiri kupita kiasi ndiko kunakoumiza.

Chukueni WWE 2K22. Ilitoka Machi 2022, na Januari 2024 seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha mambo yake ya mtandaoni, zikazimwa; haikutimiza hata miaka miwili. Seva zikizimwa, mapambano ya mtandaoni yanakwisha. MyFaction, ule mtindo wa kukusanya kadi za wanamieleka, unakwenda nao, pamoja na kila hela uliyotumbukiza humo. Lakini hasara inayouma zaidi ni Community Creations, ghala ambamo mashabiki wa dunia nzima hupandisha wanamieleka, mikanda na kumbi walizotengeneza wenyewe. Hata kupandisha picha yako ili uitumie kama nembo au uso wa mwanamieleka hakuwezekani tena, kwa kuwa picha hupitia kwenye seva hizo. Baada ya hapo gemu huondolewa kabisa kwenye maduka ya mtandaoni, maana leseni za muziki na za majina ya watu zina mwisho wake, na kinachobaki sokoni ni diski.

Kinachosalia ni kile kilichomo ndani ya mashine yako: mapambano ya kawaida, Universe (kuendesha ratiba yako ya maonyesho), MyGM (kuwa meneja), Showcase (historia ya nyota), na wanamieleka ambao ulishawapakua. Kwa hiyo anayenunua toleo la mwaka juzi kwa bei ya chee, wiki ya kwanza asicheze sana. Aingie Community Creations kabla ya jambo lingine lolote, apakue anaowataka, ahakikishe wamehifadhiwa, kisha apumue.

Kwa kipimo hicho, toleo gani linafaa? WWE 2K20 msichukue hata mkipewa bure. Ndilo la kwanza ambalo studio ya Visual Concepts ililitengeneza bila Yuke's, watengenezaji wa miaka yote ya nyuma, na lilitoka Oktoba 2019 likiwa na wanamieleka wanaozama sakafuni na nywele zinazopaa zenyewe. Tarehe 1 Januari 2020 gemu nzima ikagoma kufunguka kwa sababu mwaka umebadilika. Watu walirudisha saa za mashine zao hadi 2019 ndipo wakacheza. Masasisho yaliyafunika baadhi ya hayo, ila diski isiyounganishwa na intaneti inakupa ule uchafu wa siku ya kwanza.

Kwa mtu asiye na intaneti ya uhakika, chaguo langu ni 2K23. MyGM ya 2K22 ilikuwa ya wachezaji 2 na mapambano machache. Ya 2K23 inaruhusu hadi 4 na imeongeza aina za mapambano, na huo ni mchezo wa kukesha bila kugusa seva ya mtu. Unamwajiri mwanamieleka, unapanga nani apambane na nani, unachunga hela na uchovu wa watu wako. Showcase yake nayo ina ubunifu: ni historia ya Cena, lakini unacheza ukiwa wapinzani waliomshinda.

WWE 2K24 ni bora zaidi kimapambano, ila someni jina la toleo kabla ya kulipa. Toleo la kawaida halina nyota CM Punk. Aliletwa Mei 2024 katika kifurushi cha nyongeza, cha kwanza kati ya vitano. Nyongeza hizo nazo huuzwa, na ukizinunua moja moja zinaweza kumeza punguzo lote. Linganisheni bei ya toleo la kawaida pamoja na nyongeza mnazozitaka dhidi ya bei ya toleo kubwa siku hiyo hiyo ya ofa; mara nyingine tofauti ni ya soda mbili. Kuhusu 2K25, anayelia kwamba toleo la kompyuta halina ule mtindo wa The Island hajakosa kitu. Ni duka la nguo lenye ulingo pembeni.

Kuna gharama ambazo bei ya dukani haizitaji. 2K22 inataka GB 60 kwenye kompyuta, 2K23 inataka 80, na 2K24 inataka 90. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, GB 90 ni saa 20 za kupakua. Kwa megabiti 5 ni saa 40. Piga hesabu ya bando kwanza, ndipo useme umepata gemu kwa bei rahisi. Mwenye rafiki anayemiliki gemu hiyo hiyo kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, anaweza kunakili mafaili kwa njia ya kuhifadhi nakala iliyomo ndani ya Steam yenyewe, akayarudisha kwenye kompyuta yake, kisha akapakua masasisho tu. Ni lazima kila mmoja awe ameinunua. Wa PS4 wakumbuke kwamba sasisho kubwa hunakiliwa upya kabla ya kuwekwa, kwa hiyo mashine inaweza kudai nafasi inayokaribia ukubwa wa gemu mara mbili. Wengi huona ujumbe wa kukosa nafasi, wakadhani diski ni mbovu, wakairudisha dukani bure.

Kompyuta mpakato za bei nafuu zina mtego wao. Gemu hizi zinadai prosesa yenye AVX, aina ya maagizo ambayo prosesa za zamani haziyaelewi, na nyingi za Celeron na Pentium za zamani hazina. Haijalishi umeongeza RAM kiasi gani, gemu haitafunguka. Fungua programu ya CPU-Z, tazama mstari wa Instructions. Usipoiona AVX hapo, weka hela yako mfukoni. Kadi ya picha inayotajwa kama kiwango cha chini ni GTX 1060 au RX 480. Ukikosea kwenye Steam, una siku 14 za kuomba hela irudi mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Ukinunua namba ya kufungulia gemu kwa wachuuzi wa pembeni, haki hiyo huna. Kwenye duka la PlayStation siku ni 14 vilevile, lakini ukishaanza kupakua tu, umeipoteza.

Na diski, ambayo mimi naiona ndiyo ununuzi wa busara kuliko yote kwa sababu ukiichoka unaiuza, ina jambo moja ambalo wauzaji wetu hawalisemi. Tazameni namba inayoanza na CUSA, utambulisho wa gemu, kwenye ubavu wa kasha la PS4. Diski ya Marekani na ya Ulaya zina namba tofauti, na nyongeza hufuata namba hiyo. Ukiwa na diski ya Ulaya kisha ukanunua CM Punk kwa akaunti ya Marekani, hela inakatwa na Punk haonekani. Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi za akaunti za PlayStation, hivyo watu hujiandikisha kama wako Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Chagueni kufuatana na diski zinazopatikana mtaani kwenu. Na ndugu aliyeko Muscat anayetaka kukutumia kadi ya zawadi ajue kuwa kadi ya Oman huingia kwenye akaunti ya Oman peke yake, hata ya Falme za Kiarabu haikubali.

Sasa niseme la moyoni kuhusu mieleka yenyewe. Gemu za WWE, kwa uzuri wake wote wa sura, zinaielewa mieleka kama ngumi: nani atamlaza nani. Mieleka ya kulipwa siyo hivyo. Matokeo yamepangwa; ufundi ni jinsi wawili wanavyosaidiana kulipandisha pambano hadi ukumbi usimame. Roman Reigns alishika ubingwa siku 1,316 hadi Cody Rhodes alipomvua huko Philadelphia Aprili 2024, na utamu wa usiku ule haukuwa pigo la mwisho. Ulikuwa ni kule kucheleweshwa.

Gemu inayolielewa hilo ni Fire Pro Wrestling World ya Spike Chunsoft, ya mwaka 2017. Ni picha bapa, ndogo kwa GB, bei yake kamili kwenye Steam ni dola 20, na kwenye ofa hushuka zaidi. Wengi huinunua, wakaicheza dakika kumi, wakaifuta. Wanakosea mahali pamoja: wanabofya mfululizo. Humo mkikaribiana wanamieleka hushikana wenyewe, na wewe unabofya mara moja pale mikono inapogusana. Anayewahi anapinduliwa. Tena unaanza na mikamato midogo, ile ya kukaba kichwa na kupinda mkono. Mpinzani akishachoka ndipo unapanda ya kati, na mapigo mazito unayaweka mwisho. Ukijaribu pigo kubwa dakika ya kwanza, unarushwa wewe. Kuna hata kitufe cha kupumua, na asiyekitumia huishiwa nguvu katikati.

Mwisho wa pambano gemu inaweza kukupa alama kwa asilimia, si ya ushindi bali ya ubora wa pambano. Unaweza kushinda dakika mbili ukapata alama za aibu. Wanamieleka wanaokuja nayo wengi ni wa majina ya kubuni, lakini wa Steam wana ghala la mashabiki lenye karibu kila mtu aliyewahi kuvaa buti.

Utamu mkubwa zaidi uko kwenye mipangilio ya akili ya mwanamieleka. Kila hali unaigawia asilimia hadi itimie 100: mpinzani akiwa bado mzima, kukaba kichwa 40, kupinda mkono 30, kofi la kifua 30; akiwa hoi, pigo la kumalizia 25, na kadhalika. Kosa la kawaida ni kuacha pigo la kumalizia na asilimia hata 5 katika hatua ya mwanzo. Atalitumia kabla watu hawajakaa vitini. Weka sifuri, kisha waache wawili wapigane wenyewe na wewe utazame kama promota. Kwenye 2K kuna njia ya kukaribia hapo: ingieni kwenye vipimo, mshushe kiwango cha kompyuta kupangua mapigo, alama tano tano, hadi pambano lianze kupumua.

Na kwa mwenye hela kidogo anayetaka kichekesho, AEW: Fight Forever ya Juni 2023, gemu ya kampuni ya mieleka inayoshindana na WWE, ilianza kwa dola 60, bei ya wizi kwa gemu yenye vitu vichache vile. Kwa dola 15 ni halali. Waliitengeneza Yuke's, na ndani yake, bila kununua nyongeza yoyote, wamo CM Punk na Cody Rhodes, ambao wote wawili walishahamia WWE.

Mpenzi wa mieleka,
Tanga