Kiwiko Bandia kwa Mwenye Baridi Yabisi: Tonge Linarudi, Ndoo Hairudi

Wanaokuja kwetu kwa mazoezi tiba wakiwa na rumatoidi, ile baridi yabisi inayokula viungo, huuliza hata kabla ya kuketi: nikibadilishiwa kiwiko, nitarudi kama zamani?

Kwa maumivu, ndiyo, hapo ndipo faida kubwa ilipo. Gegedu, lile tandiko laini kwenye ncha za mifupa, likishalika, mfupa husuguana na mfupa mchana na usiku. Kikiwekwa kiungo cha chuma na plastiki ngumu, kikashikizwa kwa saruji ya mifupa, wengi huanza kulala usiku kucha. Na mkono hukunjika. Kazi nyingi za kila siku zinataka kiwiko kiende kati ya nyuzi 30 na 130 tu (sifuri ni mkono ulionyooka): kupeleka tonge mdomoni, kufunga kitufe cha shingoni, kujifunga kilemba. Mkono kunyooka kabisa, hilo usilitegemee sana.

Kudumu nako kunatia moyo. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani iliwafuatilia wagonjwa wa rumatoidi waliowekewa kiwiko bandia cha aina iitwayo Coonrad-Morrey. Matokeo ya 1998 yalionyesha kwamba baada ya miaka 10, viwiko zaidi ya 90 kwa kila 100 vilikuwa bado havijahitaji kubadilishwa.

Sasa ndoo. Mpaka unaowekwa na madaktari wengi ni wa maisha: mkono huo usinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa mara moja, wala zaidi ya kilo 1 kwa kazi ya kurudiarudia. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kusonga ugali wa watu sita nako si kazi yake tena. Ukiulazimisha, kiungo hulegea ndani ya mfupa, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Kwa maoni yangu, mama anayechota maji kisimani ajue nani atamchotea kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Yapo na ya kuogopa: ngozi ya kiwiko ni nyembamba na baadhi ya dawa za rumatoidi hupunguza kinga, hivyo maambukizi hutokea zaidi kuliko kwenye goti au nyonga. Wengine hubaki na ganzi kidole cha mwisho na cha pete. Dawa zipi zisimame kabla ya upasuaji aamue daktari, usiziache mwenyewe.

Ukija, beba picha za eksirei na dawa zako zote. Ndoo, sufuria na mizani tunavyo hapa kliniki. Tutaipima mizigo ya siku yako mmoja mmoja, kuanzia birika la asubuhi.