Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Tabora: baiskeli zetu tuziegeshe wapi?

Ndugu Mkurugenzi,

Mwangaluka. Wakurugenzi wengi huletwa kwetu kutoka mikoa mingine, kwa hiyo kama salamu hii bado ni ngeni kwako, itikia tu, utazoea.

Mimi ni fundi baiskeli, Ng'ambo. Nina kibanda cha mabati, upande mmoja spea, upande mwingine ufundi. Leseni ninayo, hela ya taka natoa. Siandiki kuomba mtaji wala kupunguziwa ushuru. Nina swali moja tu: mtu akija mjini na baiskeli yake, aiweke wapi?

Gari lina maegesho yake, na likiegeshwa linadaiwa ushuru kwa namba yake. Bodaboda wana vijiwe na viongozi wao. Bajaji wana foleni, ole wako uiruke. Baiskeli inatakiwa kufuata sheria za barabarani kama chombo kingine chochote, lakini ikishafika mjini inaegemezwa popote: kwenye shina la mwembe, kwenye ukuta wa duka la watu, kwenye nguzo ya umeme, na mara nyingi juu ya baiskeli nyingine.

Na si baiskeli chache. Tabora ni tambarare, mtu anatoka kata za pembezoni, Misha, Ndevelwa, Ifucha au Kakola, anakanyaga mpaka sokoni bila kukutana na mlima wa kumshusha kwenye tandiko. Anakuja na viazi vitamu, karanga, tenga la kuku, ndoo za asali. Mvua za kwanza zikianza yanakuja maembe, na hapo keria zinapata taabu. Miaka ya nyuma, nusu ya kazi yangu ilikuwa ya wauza maji. Madumu manne ya lita ishirini ni kilo themanini kabla mwenyewe hajapanda, keria zilikuwa zinakatika kila wiki. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika, wauza maji wakapungua, nikadhani na mimi nimekwisha. Wapi! Ikaja 2022, petroli ikapita shilingi elfu tatu kwa lita, nauli za bodaboda zikapanda, na watu wakaanza kutoa stoo baiskeli za marehemu baba zao. Nyingine zilifika kwangu tairi zimekauka mpaka zinapukutika mkononi. Tukazifufua, na mpaka leo zinatembea.

Sasa ngoja nikueleze kinachozikuta zikifika mjini, maana ofisini kwako hakionekani.

Hivi karibuni alikuja mama mmoja wa Misha, baiskeli ameibeba kwa kuinua gurudumu la nyuma. Phoenix namba 28, keria ya kuchomelea. Nikaigeuza miguu juu, nikazungusha gurudumu. Linagonga breki ya kushoto, linaachia, linagonga ya kulia, linaachia. Spoku tatu zimekatika upande wa fliwili, ile gia ya nyuma inayoshika mnyororo, na rimu imepinda. Kwa kazi hiyo huwa nashika chaki karibu na rimu huku gurudumu linazunguka: pale palipotokeza chaki inagusa na kuacha alama. Hapo nalegeza spoku ya upande ule, nakaza ya upande wa pili, nusu mzunguko, si zaidi, kisha nazungusha tena. Ni kazi ya kutwa nzima kama rimu ni mbishi, na ile ilikuwa mbishi. Nikamuuliza, mama, umegongwa? Hapana. Aliiegemeza mwembeni akaingia sokoni kuuza karanga. Wengine wakaja wakaegemeza zao juu ya yake. Mwisho pikapu iliyokuwa ikishusha mzigo ikarudi nyuma ikaligandamiza lile lundo zima. Dereva hakushuka hata kutazama. Hela ya karanga ikaishia kwangu: spoku, rimu ya mtumba, ufundi. Nilimpunguzia, lakini spea na mimi nanunua.

Rimu za namna hii nazipata mara nyingi kuliko pancha za miiba. Watu wa lami wanadhani baiskeli inaharibikia porini. Porini inapata mbigili, na mbigili ni karai la maji, kiraka, solesheni, umemaliza. Inavunjikia mjini, ikiwa imesimama.

Zile za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele, zina stendi yake na kufuli lake gurudumu la nyuma, angalau zinajitegemea kidogo. Phoenix yenye mzigo haina namna. Ukiiwekea stendi ya pembeni inaanguka, lazima ipate kitu cha kuegemea. Ndiyo maana nasema jambo hili linawahusu zaidi watu wa pembezoni kuliko vijana wetu wa mjini.

Wizi nao upo. Kuna ofisi moja ya umma hapa mjini, sitaitaja, ambayo mlinzi wake ameambiwa, au amejiambia mwenyewe, kwamba baiskeli haivuki geti. Pikipiki inavuka. Mzee mmoja mteja wangu alifuatilia karatasi zake pale, baiskeli akaiacha nje kwenye uzio. Alipotoka alikuta cheni aliyoifungia, imekatwa, basi. Ameizoea baiskeli ile tangu ni kijana. Karatasi zenyewe aliambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo alirudi kwa miguu.

Kwa kukosa mahali, kibanda changu kimegeuka stendi. "Fundi, niangalizie hii, nafika benki mara moja." Hiyo mara moja inaisha saa kumi jioni. Wengine wana wagonjwa hospitalini, wanaiacha siku mbili tatu, nami nawaelewa. Mtu aliyemleta mkewe kwenye keria usiku hawezi kuanza kuulizwa maswali ya baiskeli. Siwezi kukataa, ni wateja, wengine ni ndugu. Lakini ikipotea nani analipa? Ilishapotea moja, tukakaa kwa mwenyekiti wa mtaa, tukasuluhishwa nilipe nusu. Nililipa. Tangu hapo kila jioni nahesabu baiskeli za watu kabla sijahesabu hela zangu.

Ninachoomba si jengo. Ni bomba la chuma lililokunjwa kama mlango usio na ubao, miguu yote miwili imefukiwa kwenye zege, likimfika mtu mzima chini kidogo ya kiuno. Bomba moja linabeba baiskeli mbili, moja kila upande, na kila mwenyewe anafunga cheni kwenye fremu. Mafundi wa kuchomelea tunao mji mzima, na wanafunzi wa VETA wanatafuta kazi za kujifunzia. Nafasi ya kuegesha gari moja dogo inatosha baiskeli kama kumi, kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta kiwanja.

Tafadhali msije mkanunua zile fremu za vijiti vya kuchomeka tairi. Nimeziona mijini kwingine. Zinashika gurudumu peke yake, baiskeli yenye mzigo ikiyumba rimu ndiyo inayolipa. Na mwizi anafungua nati mbili, anaondoka na kilichobaki. Mtakuwa mmenitafutia kazi mimi, nawashukuru, lakini siyo ninachoomba.

Pa kuziweka, nadhani pa kwanza ni sokoni, upande wanaoingilia watu wa vijijini, si nyuma ya vyoo ambako kila kilichokosa nafasi hupelekwa. Pa pili hospitalini, ndani ya geti. Kisha stendi ya mabasi, na kila ofisi ambayo mwananchi analazimika kwenda. Kivuli tunacho: miembe hii tumeachiwa tangu enzi za misafara ya biashara, kinachohitajika ni kutoikata.

Ada? Hospitalini iwe bure, hilo sitaki hata tulijadili. Sokoni, kikundi cha vijana kikikabidhiwa pale, wakatoa tiketi na kulinda, wakatoza kiasi kidogo kwa siku, watu watalipa, kwa sababu wanajua spoku ni bei gani. Ila msiturudishe kwenye kibati. Wazee wanakumbuka enzi mwenye baiskeli alilipia kibati na kukifunga kwenye fremu, na ukikutwa huna, unaikimbia baiskeli yako mwenyewe vichakani. Ada ya kulindiwa ni jambo moja, kodi ya kumiliki baiskeli ni jambo jingine.

Kuna hili pia la mafundi wa chini ya mti. Machinga walipopangwa upya nchi nzima mwaka 2021, fundi baiskeli mwenye pampu moja na karai naye alionekana ni machinga, akaambiwa ahamie eneo lililotengwa. Lakini fundi baiskeli hawezi kukaa palipotengwa kama hapapiti baiskeli. Mtu mwenye gunia la viazi na pancha hasukumi kilomita mbili kumtafuta. Atakaa palepale barabarani, atapakua mzigo, atazuia njia, na mgambo watamkuta yeye badala ya fundi. Mkiweka maegesho, kila moja lipewe fundi wake na kipande cha kivuli. Yeye ndiye atakayekuwa jicho la pale hata kabla ya mlinzi, kwa sababu anazijua baiskeli kwa sura na wenyewe kwa majina. Mwizi haibi mbele ya fundi aliyeifunga mwenyewe ile fliwili.

Sisemi nikitarajia kupata eneo. Kibanda changu kiko Ng'ambo na sihami. Kinachoweza kunipata ni kupungukiwa rimu za kunyoosha, nami nimeridhika, pancha haziishi.

Nimesikia kila mwaka Juni 3 ni Siku ya Baiskeli Duniani, Umoja wa Mataifa uliitangaza 2018. Hatuhitaji maandamano ya baiskeli na fulana siku hiyo. Ingetosha kama siku yoyote ya kawaida ungetoka ofisini saa tatu asubuhi, bila kumwambia mtu, ukasimama sokoni upande wanaoingilia watu wa Misha na Kakola, ukaona zinavyolundikwa. Ukitaka wa kukuonyesha, ulizia mafundi baiskeli Ng'ambo, utaletwa.

Vipimo vya bomba nimevichora kwenye karatasi: urefu, upana, kina cha zege na nafasi kati ya bomba na bomba ili Phoenix mbili zenye magunia zisigombane. Karatasi nimeiacha kwa mtendaji wa kata. Kama haitafika mezani kwako, mtume mtu, nakala nyingine ninayo kwenye droo ya spea.

Wako,
Fundi baiskeli, Ng'ambo, Tabora

Nakala: Diwani wa kata, Mwenyekiti wa serikali ya mtaa