Barua kwa vijana wa Mombasa mnaotaka jeshi: pumzi haiji kwa wiki moja

Wanangu wa Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu, Nyali na nyinyi wa kisiwani, asalaam aleikum, hamjambo.

Naandika nikiwa na uchungu. Usajili wa jeshi uliopita nilisimama pembeni ya uwanja nikawaangalia mkianguka mmoja mmoja, vijana wenye vifua na miguu. Kuna barobaro mmoja wa mtaani kwetu, cheti chake cha kidato cha nne kinapita hiyo alama ya D wanayotaka, urefu wa mita 1.60 ameupita mbali, kilo anazo, meno yote yapo. Mbio zilipoanza akatimka kwa nguvu zake zote, akaacha kundi nyuma, watu wakampigia makofi. Kufika katikati ya raundi ya pili ameshika ubavu, mdomo wazi, mate meupe yamemganda kwenye midomo, akainama akatapika. Baadaye nikamuuliza, mwanangu, mazoezi ulianza lini? Akaniambia wiki hiyo hiyo. Wiki hiyo hiyo! Na tangazo lilikuwa limetoka kitambo, na ndoto ya jeshi anayo tangu darasa la nane.

Sikizeni. Pumzi haiji kwa wiki moja hata ukimbie mpaka uzirai. Moyo unataka muda ndio uweze kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mifupa na mishipa ya miguu inataka muda zaidi ya hapo. Jipe miezi miwili, mitatu ndio bora. Anza mdogo mdogo, kimbia dakika mbili tembea moja, na kila wiki uongeze kidogo. Kipimo ni mdomo wako: ukiwa wakimbia na waweza kuongea na mwenzako sentensi nzima, huo ndio mwendo wako. Najua mwaona aibu kukimbia polepole watu wakiwatazama, lakini Kipchoge yule aliyekimbia marathoni Vienna 2019 kwa saa 1:59:40, sehemu kubwa ya mazoezi yake ni mbio za taratibu. Sasa wewe wa Bombolulu haraka ya nini?

Ukishakaa mwezi hivi, siku moja kwa wiki ndio uweke kasi. Kimbia mita 400 kwa nguvu, tembea mpaka pumzi irudi, rudia mara nne, baadaye sita. Siku nyingine moja kimbia mbali, polepole. Zilizobaki ni mbio nyepesi na mapumziko, na kupumzika ni sehemu ya mazoezi, si uvivu. Na siku yenyewe raundi ya kwanza jizuie, waache wakupite, utawakuta mbele wameshika magoti.

Mengine nayapitia tu. Kimbia alfajiri, jua na mvuke wa huku kwetu si mchezo. Maji kunywa siku nzima, si kusubiri kiu. Muundi ukiuma, pumzika. Ukiona kizunguzungu na baridi mwilini juani, simama hapo hapo utafute kivuli. Mara nyingi mnaambiwa mvue viatu, kwa hivo zoesheni nyayo kwenye mchanga mgumu maji yakipwa, dakika chache chache. Wasichana, kilo zenu za chini zinazotakiwa ni 50, kuleni, msijinyime.

Lakini muguka, hayo majani ya kutafuna kama miraa! Usiku kucha maskani mdomo umejaa, asubuhi kopo la kinywaji cha enaji halafu mtu aingie uwanjani. Vitu vyote viwili vinaupandisha moyo mbio kabla hujapiga hatua, usingizi hamna, chakula hakiingii. Kaunti ilipiga marufuku muguka 2024, kesi zikaenda kortini, na sisi wazee tukarudi barazani kimya tukiwatazama mkiisha. Na viwanja tuliviacha vikanyakuliwa tukaona, leo mtoto akitaka kukimbia anashindana na matatu na tuktuk barabarani. Hilo si kosa lenu.

Wazazi nao, acheni kuuza shamba mkampe broka. Usajili ni bure. Wapo waliofika Eldoret, kwenye chuo cha makurutu wa jeshi, na barua feki za kuitwa mkononi wakaishia kushikwa, pesa imekwenda na mtoto ana kesi. Na hata angeingia, Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa nyepesi, mtoto aliyezoea usawa wa bahari akifika huko bila pumzi atateseka vibaya.

Mimi kila Jumamosi baada ya swala ya alfajiri huwa Mama Ngina, upande wa baharini. Njooni hata wawili, njooni na wasichana. Viatu vya bei si lazima, raba yoyote isiyobana inatosha. Wa Likoni feri kwa miguu hailipwi, vukeni mapema kabla msongamano wa wafanyikazi haujaanza.