Wazee wetu na utelezi wa usiku

Shikamooni wakubwa, wengine habari za asubuhi. Mvua zimeanza hapa Mtwara, na kinachoninyima usingizi ni wazee wetu na choo cha uani. Mzee anaamka saa nane usiku, giza, uwanja una utelezi, kandambili zimelika hadi zimekuwa laini. Hapo ndipo nyonga inapovunjika. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao wamevuka miaka 60.

Naomba leo kila mmoja aingie chumbani kwa mzee wake. Tochi au taa ya sola iwe pale mkono unapofika akiwa amelala. Mkeka uliojikunja pembe uondoke njiani. Chooni pawe na mbao imara ya kushikia. Na ndoo yenye mfuniko chumbani usiku si aibu jamani, bibi zetu walikuwa nayo.

Wanaotumia dawa za presha wakae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili, maana kusimama ghafla huleta kizunguzungu. Kikizidi, msimwachishe dawa, mpelekeni kwa daktari.

Akianguka, msimnyanyue haraka. Nyonga ikiuma au mguu ukionekana mfupi, atulie hapo hapo hadi upatikane usafiri wa kumbeba akiwa amelala.

Muulizeni pia kama ameshawahi kuanguka. Wengi wanaficha, wakiogopa kuzuiwa kwenda kwenye mikorosho yao.

Jumamosi nitapita Chuno na fundi. Mwenye mzee anayeishi peke yake aniandikie pembeni.